Silinda ya Pepo

Ndugu yangu Saad alikuwa na kila kitu anachotakiwa kuwa nacho rubani: macho makali, mkono usiotetemeka, leseni yenye muhuri wa serikali, na miwani ya jua aliyoivaa hata akienda kununua samli. Alichokosa ni kimoja tu. Hakujua kusema hapana. Mimi Fatu ndiye dada yake mkubwa, nimembeba mgongoni kule Mambrui, na nakuhakikishia kasoro hiyo alizaliwa nayo. Siku ya Idi, alipokuwa mdogo, ukimpitisha nyumba tano alikula pilau tano, kwa kuwa kila mwenye nyumba alimwambia kula mwanangu, kisha sisi tukabaki kumkanda tumbo. Alipokuwa kijana, rafiki yake alimwomba amwachie msichana ambaye yeye Saad alikuwa karibu kumposa. Akamwachia, na siku ya arusi akaenda kumsaidia kubeba viti.

Mtu wa namna hiyo ukimpa duka atafilisika, watu watacheka wiki mbili tatu, na mambo yataisha. Lakini yeye alipewa ndege.

Aliyempa ni mjomba wetu Abdulghani, ndugu wa mama wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyemsomesha urubani Nairobi, na hakuna siku iliyopita bila kumkumbusha. Hata akimkaribisha chai, atamwambia kunywa baba, nani mwingine angekufanya mtu. Katika ile miaka ya themanini, Wataliano walipokuwa wakimiminika Malindi, mjomba alikuwa na kampuni ya ndege. Nikisema kampuni usifikirie makubwa. Ilikuwa ndege moja yenye injini moja, rubani mmoja ambaye ni Saad, fundi mmoja ambaye ni Dzombo wa Kakuyuni, na mimi niliyewapikia abiria sambusa. Kila Jumamosi asubuhi tuliwapeleka watalii Lamu, jioni tukawarudisha.

Sasa mjomba aliona haya kuitwa mwenye ndege moja. Akaenda akanunua rangi. Ubavu wa kushoto akaupaka nyekundu, ukaandikwa Kipanga. Ubavu wa kulia akaupaka buluu, ukaandikwa Njiwa. Basi ndege ikipita hivi watu wa hoteli wanaona Kipanga, ikirudi wanaona Njiwa, nao wakaamini wana shughuli na tajiri wa ndege mbili. Hila ya biashara, sikatai. Nani asiye na hila yake? Balaa ni kwamba baada ya muda mjomba mwenyewe naye aliamini.

Siku moja Dzombo alifungua injini akakuta silinda moja ina ufa. Silinda, kwa asiyejua, ni lile pipa nene la chuma ambamo mafuta huwaka na kuisukuma injini. Injini ile ilikuwa nazo sita, lakini moja ikipasuka angani zilizobaki hazikuahidi kitu. Dzombo akamwambia Saad, na Saad akaenda kwa mjomba dukani. Akaamkia shikamoo, akauliza hali za watu wa nyumbani, akanywa kahawa, akasikiliza habari za bei ya simiti, ndipo akasema, kama mtu anayeomba radhi, kwamba silinda ina ufa na ndege haifai kuruka mpaka iwekwe mpya.

"Ndege gani?" mjomba akauliza.

Saad akababaika. Akasema Dzombo aliuona ule ufa akiwa amesimama upande wa Kipanga.

"Basi Kipanga ipumzike," mjomba akasema. "Jumamosi utaruka na Njiwa."

Na unadhani ndugu yangu alijibu nini? Alijibu ndiyo mjomba, ahsante mjomba. Jumamosi akaruka na Njiwa, yaani ndege ile ile na ufa ule ule. Juu ya ghuba ya Ungwana injini ikakohoa, ikalegea, ikakohoa tena. Abiria hawakujua kitu, walikuwa wakipiga picha mto unaoingia baharini. Saad alirudi jioni uso umemsawijika, na alipofika nyumbani alijifungia chooni akatapika. Mkewe Shekha, aliyekuwa mjamzito wa mtoto wao wa kwanza, alimsikia. Akambana hadi akasema, kisha Saad akamwapiza asimwambie mtu. Shekha akasema hatasema, akajitanda buibui, akaja moja kwa moja kwangu.

Alikaa jikoni kwangu akalia mpaka nikazima jiko. Akaniambia, wifi, nataka mwanangu azaliwe amkute babake, sitaki aje kusimuliwa. Mimi nami nililia, maana kama mimi sikumfundisha Saad kukataa, nani mwingine angemfundisha?

Siku ya pili nilikwenda mwenyewe kwa mjomba. Mimi nina mdomo, Malindi nzima yajua, lakini kwa mjomba mdomo wangu ulipigwa kikumbo. Nilimwambia ndege itaanguka. Akaniuliza kama imewahi kuanguka. Nikasema haijaanguka. Akasema basi haina mazoea hayo. Akaniambia hoteli wakisikia Jumamosi moja tu haturuki, Jumamosi ijayo watalii watachukuliwa na yule tajiri wa Mombasa, nasi wote tutarudi Mambrui kupara samaki. Akaniambia marubani wamejaa Nairobi, wanatafuta kazi kwa tochi. Halafu akaniambia nipunguze pilipili kwenye sambusa, Wataliano wanalalamika. Dzombo naye alikwenda akamwambia kwa adabu zake za Kigiriama kwamba injini ile inatafuta mahali pa kufia. Mjomba akamjibu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Loh! Na anayesikia la mkuu yule atavunjika nini, kama si kila kitu?

Kwa hivyo Jumamosi nyingine Saad akaruka, na nyingine tena. Alikonda hadi kola ya shati ikamzidi shingo. Mjomba alikuwa akimwona amekonda, naye kwa upendo kabisa akimuuliza, mpwa wangu, mbona umekonda hivi, mkeo hakupi chakula?

Lazima niseme kwamba mjomba hakuwa mtu asiye na hofu. Serikali hakuiogopa, benki hakuiogopa, na Mungu alimwogopa Ijumaa. Lakini pepo wa mkewe alimwogopa siku zote saba. Mkewe, Bi Tumu, mkaza mjomba wetu, alikuwa na pepo wa Kizungu ambaye alipenda biskuti za bati na chai ya maziwa katika kikombe chenye kisahani. Pepo huyo akipanda kichwani, Bi Tumu huongea kwa puani na kutaka vitu. Alikwisha kutaka saa ya ukutani, akapewa. Alikwisha kutaka kitanda cha Lamu, bangili na friji, vyote akapewa. Kila mwanamke wa mtaani mwenye mume bahili alimwonea Bi Tumu wivu kwa pepo yule. Usiniulize kama alikuwa pepo wa kweli. Kuna siku alikuwa pepo, na kuna siku alikuwa Bi Tumu, na mwenye kuweza kuwatenganisha hakuwepo.

Mimi na Shekha tulimwendea saa za alasiri, mjomba akiwa dukani. Bi Tumu alimpenda Saad kama mwanawe, maana hakujaliwa. Alitusikiliza hadi mwisho, akauliza silinda ni kitu cha namna gani na kina rangi gani. Alisita. Alisema pepo wake ana heshima zake, hajawahi kutaka vyuma. Shekha akajishika tumbo. Bi Tumu akamtazama lile tumbo, akaita mtumishi akamtuma mtaa wa Muyeye kwa Mapenzi, yule mama mganga aliyekuwa akimpigia ngoma za pepo. Akasema kwamba kichwa kimeanza kumuuma.

Ngoma ilipigwa Jumapili. Ubani ulifuka mpaka paka wa nyumbani wakahama. Mjomba alikaa kando ya mlango, kofia mkononi, kama mshtakiwa. Bi Tumu akatikisika, akaanguka, akainuka na sauti ya puani, na Mapenzi akamsalimu pepo, akamuuliza anataka nini safari hii.

"Nataka silinda," pepo akasema.

Ngoma zikakatika zenyewe. Mapenzi, aliyekuwa akiita mapepo tangu usichana wake, akauliza mara ya pili.

"Silinda ya ndege. Mpya. Ya Marekani, ndani ya sanduku lake."

Mjomba alisogea kwa magoti. Kwa sauti ya chini akamuuliza bwana mkubwa kama hataki halua, au saa nyingine. Pepo akasema saa anayo. Hapo mjomba, hata mbele ya pepo, biashara ikampanda. Akasema yuko Mhindi mmoja Nairobi mwenye silinda iliyotumika kidogo tu, imesafishwa, huwezi kuitofautisha na mpya.

"Mimi ni Mzungu," pepo akasema. "Sitaki mtumba."

Mjomba akainamisha kichwa akakubali. Mimi na Shekha tulikuwa kwenye kona, tumejitanda, tukibinyana vidole kwa furaha. Tuliona kazi imekwisha.

Silinda ilikuja katikati ya wiki, ndani ya sanduku la mbao, imefungwa karatasi ya mafuta, inameta. Dzombo alikuwa kiwanjani tangu asubuhi, ameshafungua nusu ya injini, spana mkononi. Akangoja, akangoja. Mchana akapanda baiskeli akaenda nyumbani kwa mjomba kuuliza. Alipofika alikuta silinda imewekwa chumba cha pepo, juu ya chano kikubwa cha mbao, katikati ya halua na mayai na chupa ya marashi, na udi unafukizwa. Mjomba amesimama mlangoni amezuia njia kwa mikono miwili. Dzombo akasema amekuja kuchukua silinda akaitie kwenye ndege. Mjomba alimtazama kama mtu aliyetaka kuiba mkeka wa msikiti.

"Kitu cha pepo hakiguswi," akamwambia. "Unataka anivunje shingo?"

Jamani! Sisi wanawake wawili wazima, tuliozaliwa na kukulia katika mambo hayo, tulisahau jambo ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Kitu akipewa pepo ni cha pepo. Hakiuzwi, hakiazimwi, hakitumiwi. Ile friji iliyotakwa na pepo, mjomba mwenyewe hakuthubutu kunywa maji yake, alikuwa akituma dukani soda ya baridi na friji imejaa mitungi. Tulitaka silinda ije Malindi, ikaja. Hatukufikiri itatokaje chumbani.

Tena kulikuwa na kubwa zaidi. Utasema mjomba hakuihusisha silinda ya pepo na silinda ya ndege? Aliihusisha sana. Alituita sote kiwanjani akatueleza, uso umechangamka, kwamba sasa amefahamu kwa nini injini ilikuwa ikikohoa. Pepo aliionea wivu. Sasa amepewa yake, ataiacha ya ndege, na ufa utajifunga wenyewe. Dzombo akasema ufa haujajifunga, yeye ameutazama asubuhi ile ile na umezidi. Mjomba akamwambia aipe dawa muda wa kuingia, arudishe mabati na kufunga skrubu zake, Jumamosi kuna safari.

Nilimkimbilia Bi Tumu nikamwomba pepo apande tena aseme silinda itiwe kwenye ndege. Bi Tumu alijaribu, maskini. Lakini Mapenzi alikataa kata kata kupiga ngoma. Pepo aliyekwisha kulishwa haamshwi mpaka mwezi mwingine uandame, akisumbuliwa ataua kiti chake, yaani huyo anayemkalia kichwani. Na mimi nina macho, nitasema nilichokiona: Bi Tumu hakusikitika sana. Wanawake walikuwa wakija hata kutoka Mambrui kuitazama ile silinda. Wanaingia kwa zamu, wanavua viatu, wanasema mashallah. Kutoka Lamu hadi Vanga hakuna aliyekuwa na pepo mwenye silinda.

Jumamosi ikafika. Jumamosi hiyo haikuwa ya kawaida, kwa sababu miongoni mwa abiria alikuwamo mzee mmoja mnene wa Kitaliano mwenye kofia ya majani, wakala mkubwa wa watalii kutoka kwao. Alikuja kuionja safari kabla ya kumpa mjomba abiria wa msimu mzima. Mjomba alivaa kanzu mpya. Aliniambia nikaange sambusa mara mbili ya siku zote. Akamwambia Saad kwamba leo ndiyo leo, asimwaibishe.

Saad alikuja na Shekha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinisogelea pale kwenye sinia yangu akavua ile miwani ya jua. Akaniambia, "Dada, nakuomba radhi kwa yote." Maneno hayo mtu huyasema akienda Makka, au akienda asikojua kama atarudi. Nilimwambia nimekusamehe, na mikono yangu ilikuwa imejaa mafuta ya sambusa, sikuweza kumshika. Mpaka leo nikikumbuka vile sikumshika roho huniuma.

Wataliano wakapanda. Saad akawasha injini. Ikakohoa, ikapiga kishindo, ikatoa moshi mweusi. Dzombo akaenda akasimama mbele ya ndege amefunga mikono kifuani, mjomba akamfukuza kwa fimbo. Akampungia Saad mkono, nenda. Propela ikazunguka kidogo, kisha ikasimama. Saad alikuwa ameizima. Akashuka, akavuka changarawe taratibu, akaja akasimama mbele ya mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Panda uruke."

Nikamwona ndugu yangu anafungua kinywa. Niliiona ile hapana, wallahi niliiona, ilimpanda kifuani, ikafika kooni, ikagonga meno, ikarudi chini. Akafungua kinywa tena. Haikutoka. Shingo ikamvimba, macho yakamgeuka, na akaanguka chali kwenye changarawe pu! Miguu ikaanza kutikisika.

Shekha akapiga ukelele. Mimi niliangusha sinia. Dzombo peke yake hakupotewa na akili. Kwao Kakuyuni ameona watu wakipandwa tangu anatambaa, akavuta debe tupu la mafuta akaanza kulipiga ngoma. Na Saad, mtu ambaye hata muadhini alimwambia sauti yake ndogo, akatoa sauti nzito ya puani ambayo sijawahi kuisikia kwake wala sijaisikia tena.

"Abdulghani."

Mjomba alipiga magoti na kanzu yake mpya. "Labeka, bwana mkubwa. Umekuja bila kuitwa?"

"Nimehama kiti. Nimechoka kufukizwa udi. Silinda yangu iko wapi?"

"Iko kwenye chano, bwana mkubwa. Haijaguswa na mtu."

"Nani alikwambia chuma kinakula halua? Silinda yangu nataka iwake moto. Kaitie kwenye ndege."

Kwa heshima zote mjomba akauliza, "Ndege ipi, bwana mkubwa? Kipanga au Njiwa?"

Saad aliinuka akakaa. Changarawe zilikuwa zimemganda usoni na machozi yanamtiririka.

"Ndege ni moja, Abdulghani. Ni moja, na ni mbovu, na ndani yake umetia watoto wa watu. Unamtuma mpwa wako akafe kila Jumamosi, kisha unamuuliza mbona amekonda. Kama ulimsomesha ili umuue, ungemuacha mjinga akaishi."

Debe la Dzombo likaendelea kulia. Halafu wale Wataliano ndani ya ndege wakaanza kupiga makofi. Walidhani ni ngoma ya kuwaaga wageni. Wakashuka na kamera zao, wakamzunguka ndugu yangu, mwingine akamtupia noti. Yule wakala mnene alikuwa ameshaokota sambusa zangu kwenye mchanga, anazipuliza na kula, na akamuuliza mjomba kwa Kiingereza chake cha kuvunjika kama onyesho hili lipo kila Jumamosi. Mjomba alimwashiria anyamaze, asimkasirishe bwana mkubwa.

Dzombo akatumwa na baiskeli. Alirudi na silinda imefungwa leso na kufungwa kamba nyuma, inanuka marashi tangu getini. Alitwambia Bi Tumu ameitoa, lakini amenuna na kujifunika shuka, anasema pepo gani huyu anahama bila hata kuaga.

Watalii walirudishwa hoteli. Sisi tulibaki. Saad alikuwa amelala kivulini chini ya bawa, kichwa juu ya mapaja ya Shekha. Dzombo akafungua injini, akalegeza ile silinda ya zamani, akaishika kwa mikono miwili aivute. Ikaja nusu. Kichwa chake kilibaki mkononi mwa Dzombo, na kiwiliwili kikabaki ndani ya injini. Ule ufa ulikuwa umezunguka wote, umebaki kushikwa na kutu na rehema ya Mungu. Hata Ungwana wasingefika. Shekha akaweka mkono juu ya uso wa Saad ili asione, lakini alikwisha kuona. Mjomba alikikodolea macho kile kichwa cha silinda muda mrefu, akaketi juu ya sanduku, na kanzu yake mpya ikaingia mafuta.

Nilifikiri amejifunza. Wallahi nilifikiri hivyo, na usiku ule nilimwombea dua.

Kesho yake baada ya alasiri alikuja nyumbani kwa Saad amebeba halua kwenye kikapu. Saad alikuwa ameamka mzima. Alikuwa amekula sahani mbili za wali, na Shekha alikuwa akiimba jikoni. Mjomba akaketi, akashukuru Mungu kwa yote yaliyoepukwa. Akasema silinda mpya imekwisha kutiwa na injini inapumua vizuri. Akasema wakala ametoa ahadi ya msimu mzima. Kisha akajikohoza, akamwambia Saad kwamba amempigia simu rubani mmoja Nairobi, na yeye Saad hatarusha ndege tena.

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini, amekosa nini.

"Hajakosa," mjomba akasema, kwa huruma ya kweli, macho yamemlengalenga. "Lakini mtu mwenye pepo anaweza kuanguka wakati wowote. Mimi nabeba roho za watu, Fatu. Usalama kwanza."

Damu ilinipanda. Nilisimama, na nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na ukoo wake, ambao ndio wangu. Lakini Saad alinishika mkono akaniketisha. Alikuwa ameinua uso. Alimtazama mjomba machoni, jambo ambalo katika maisha yake yote hakuwahi kulifanya. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo, wala haikutetemeka:

"Hapana, mjomba. Hakukuwa na pepo. Maneno yale yalikuwa yangu mimi, yote, na nayarudia sasa nikiwa na akili zangu. Ndege ilikuwa mbovu nawe ulijua."

Jikoni Shekha aliacha kuimba. Mjomba alibaki amemkodolea macho, na mkono wake ukaenda polepole ukaivua kofia kichwani. Akaniinamia sikioni, jasho linamtoka.

"Fatu mwanangu," akaninong'oneza, "bado yumo."

Akaisogeza ile halua mbele ya Saad kwa mikono miwili, akainuka, akatoka kinyumenyume hadi nje ya mlango.